Umesema Tuzidishe, Mbona Imepungua?

Dar es Salaam,
11 Februari 1973

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima huku kwenye joto, na kikohozi kilichonishika wakati wa Krismasi kimekwisha. Naamini nawe ni mzima, pamoja na Mama Wanzagi na watoto. Mama ameniandikia kutoka Suguti kwamba mahindi yalikauka lakini mihogo ipo, na kwamba ulikwenda kumsalimu kwa baiskeli mpya. Hongera sana. Aliniambia pia ulivyoanguka nayo kwenye mchanga, ila alinikataza kuliandika hilo, kwa hiyo sijaliandika.

Mjomba, nina ombi. Unajua kwamba sasa nafanya kazi katika ofisi inayotengeneza mitaala ya shule za msingi. Tangu masomo yote yaanze kufundishwa kwa Kiswahili, na hesabu hizi za kisasa ziingie, kuna swali linalowasumbua wakubwa wangu. Mtoto wa darasa la kwanza ukimwuliza mbili na tatu ni ngapi, anaruka juu ya dawati. Mtoto yuleyule akifika darasa la sita, mwalimu wa hesabu anauliza, na darasa zima linaangalia sakafu. Amenyamazishwa na nini hapo katikati? Mimi nimepewa kazi ya kulitafutia jibu. Situngi mtihani wala simkagui mtu. Nakaa nyuma ya darasa, nasikiliza nani anasema na nini kimemfanya aseme.

Nataka kuja kwako mwezi wa sita. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu mpaka nikazipenda, na darasa la sita la pale Bunda ni lako. Nipokee kwa siku chache tu.

Nisalimie wote. Mwambie Mama Wanzagi nimempatia kitenge cha rangi aliyoitaka.

Mpwa wako,
Hana Wenceslaus


Bunda,
20 Machi 1973

Mpwa wangu Hana,

Marahaba mama. Usione nimechelewa. Barua yako ilikwenda kwanza kwa yule Enoka wa kinu cha pamba, ambaye naye ana mpwa Dar es Salaam. Akaisoma mpaka mwisho, anashangaa mpwa wake amejifunza lini kuandika vizuri hivi. Alipoirudia na kufika kwenye habari ya baiskeli ndipo akajua ni yangu. Sasa kinu kizima wananiita Mchanga.

Sisi huku wazima. Mvua imeanza, pamba ya kijiji imeota vizuri, ya shule imeota vizuri zaidi kwa sababu watoto wanaipalilia huku wanaimba. Mama Wanzagi anakusalimu, anasema kitenge kiwe cha bluu, siyo bluu ya mbingu, bluu ya wino. Ng'ombe yule mwenye pembe moja amezaa.

Sasa hilo ombi lako. Mpwa wangu, darasa langu halina ugonjwa, mtafiti atatibu nini? Halafu bati za darasa la sita zinavuja. Halafu mwezi wa sita ni mavuno, watoto wanakuwaga shambani zaidi kuliko ndani. Halafu vitabu vipya vya hizo hesabu zenu za seti vimefika vichache, tunasomaga watoto wengi kitabu kimoja, anayekaa mbele ya kitabu anasoma herufi kichwa chini miguu juu. Nenda shule za mjini Musoma, karibu na ziwa, utakula na samaki.

Umenieleza kikohozi, joto na kazi. Lile nililokuuliza Krismasi, kwamba ni lini tutakula pilau lako, umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nimeona.

Ni mimi mjomba wako,
Enoka Masatu


Dar es Salaam,
25 Aprili 1973

Mjomba,

Shikamoo. Kitenge cha bluu ya wino nimekipata, nilizunguka Kariakoo mpaka viatu vikalalamika. Mama naye ameniandikia, yu mzima, anauliza kama nakula.

Nasikitika kukwambia kwamba bati kuvuja hakukusaidia. Shule tunazichagua kwa kura, vikaratasi ndani ya kopo, ili tusije tukaenda kwa marafiki zetu tu. Katika mkoa wa Mara zimetoka shule moja ya Musoma mjini, moja ya Butiama, na yenu. Mimi sikuwamo hata chumbani kopo lilipotikiswa. Barua rasmi imekwishatumwa kwa Mwalimu Mkuu.

Lakini sababu ya kukuandikia ni nyingine. Nimeshakaa madarasani huku Pwani, na sijaona darasa hata moja. Nikiingia, mwalimu anafundisha kama anayehutubia mkutano, watoto wanajibu kama kwaya, na nikitoka tu naisikia shule ikipumua. Mjomba, nakuomba nikute darasa. Lile la kila siku, na bati zake.

Habari ya pilau, barua hii imejaa.

Hana


Bunda,
30 Mei 1973

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Bernado, haambiliki. Tangu barua rasmi ifike amefurahi kuliko bwana harusi. Kuta zimepakwa chokaa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, na mbuzi mmoja aliyepita karibu naye amepakwa chokaa. Bati zimezibwa. Mimi nimepewa chaki za rangi ambazo zilikuwaga zimefungiwa kabatini tangu Uhuru.

Basi njoo. Shuka hapo stendi ya Bunda, nitakungoja na baiskeli. Usicheke.

Mama Wanzagi amekwisha kuchagua kuku.

Enoka


Butiama,
2 Julai 1973

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na asante sana kwa siku zile. Mwambie Mama Wanzagi kuku wake bado namkumbuka. Hapa Butiama nimepokewa vizuri, kuna baridi ya asubuhi, na nimepangiwa chumba chenye dirisha linaloangalia migomba. Wiki ijayo nitateremka Musoma, nitafikia kwa shangazi kule Kamunyonge, nianze kuandika ripoti.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka kuandika yaliyotokea darasani kwako, na sitaki kuandika hata mstari bila wewe kukubali. Kwa hiyo nakueleza hapa jinsi nilivyoyaona mimi niliyekaa nyuma. Palipokosewa, nisahihishe.

Siku ya kwanza ubao ulikuwa umejaa rangi kama kanga. Uliuliza swali la kwanza, mikono yote ikapanda. La pili, ikapanda tena. Halafu ukageuka kusoma la tatu, na kabla hujafungua mdomo, yule msichana wa dawati la mbele, Mbuke, akasimama na kusema kwa nguvu, "Kumi na nane, mwalimu!"

Ukamwambia, "Kaa, Mbuke. Sijauliza bado."

Naye akasema, "Jana ulikwisha kuuliza."

Mwalimu Bernado pale mlangoni alikohoa mpaka nikaogopa ataanguka. Mimi niliinama chini kama ninayetafuta kalamu. Jioni tulikula samaki wadogo wa furu kwa ugali wa mtama, ukanisimulia habari za ndama tangu mwanzo hadi mwisho, na hapana aliyetaja darasa.

Siku ya pili uliingia na chaki moja, nyeupe. Ukaandika nane, alama ya kuzidisha, halafu nusu. Ukasema, "Zidisheni." Wakaangalia sakafu. Ukamwita mvulana mmoja, Mseti, akaja akaandika nne, ukasema vema, ukashika kifutio. Ndipo Mbuke akauliza, bila kunyoosha mkono:

"Mwalimu, umesema tuzidishe. Mbona imepungua?"

"Ndiyo kanuni," ukamjibu.

"Ndiyo mwalimu. Lakini kuzidisha si kuongeza? Mama akiniambia nizidishe unga kwenye ugali, nami nikapunguza, atanipiga mwiko."

Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Ulibaki na kifutio mkononi ukiitazama ile nne. Mimi nyuma nilikuwa nimeacha kuandika. Halafu ukawageukia, ukasema polepole, "Mbuke, nimefundisha hesabu hizi tangu baba yako akiwa mwanafunzi wangu, sijawahi kujiuliza hilo. Sijui. Nani anajua?"

Mjomba, sijapata kusikia darasa likifunguka vile. Mseti alisimama akasema kwamba sisi tukisoma tunasema nane mara nusu, hatusemi zidisha. "Na mara ni nini?" mwingine akamwuliza. "Mara ni kwenda. Ukienda kisimani mara mbili unarudi na ndoo mbili." Wa nyuma akapiga kelele, "Ukienda mara nusu je? Umeishia njiani!" "Umeimwaga!" "Hapana, umerudi na ndoo nusu!" Wengine walihamia Kijita, wengine Kisukuma, na hukuwakataza. Na mwisho Mbuke mwenyewe, kama anayesema peke yake: "Nane mara moja ni nane. Nusu haijafika moja. Basi jibu nalo haliwezi kufika nane." Kengele ililia, na hakuna aliyeinuka.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kila nilikokaa, mwalimu anauliza jambo ambalo analijua, na watoto wanajua kwamba analijua. Kwa hiyo anayejibu ni yule tu mwenye hakika, na wenye hakika wanapungua kila mwaka. Siku ile uliuliza usilolijua. Wakaona unahitaji msaada kweli. Tena kumbe neno lenyewe tuliloliweka vitabuni lina mtego, na hapana mtu ofisini aliyeuona.

Shule haitatajwa kwa jina, wala wewe. Nakungoja unijibu.

Mpwa wako,
Hana


Kamunyonge, Musoma,
19 Agosti 1973

Mjomba,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu, amenitilia sato kila siku mpaka naota magamba. Nimesikia kwamba pamba ya kijiji imepimwa na imekuwa nzuri. Hongereni.

Tangu nilipokuandikia kutoka Butiama sijapata neno lako. Nilidhani barua imekwenda tena kwa Enoka wa kinu, lakini safari hii niliandika jina lako lote. Ndama amekua? Je, nimekukosea?

Hana


Bunda,
2 Septemba 1973

Mpwa wangu Hana,

Marahaba. Sisi wazima. Ndama amekua.

Barua ya Butiama ilifika, na yote uliyoyaeleza ni kweli, hakuna pa kusahihisha. Nilimwonyesha Mwalimu Bernado. Akaisoma amesimama, halafu akakaa. Akasema, "Enoka, jina halitajwi, sawa. Lakini mwalimu wa darasa la sita aliyetembelewa na mtafiti hapa Bunda ni mmoja tu. Hata mbwa wangu atajua ni nani aliyesema sijui mbele ya watoto."

Basi hilo la siku ya pili lifute. La siku ya kwanza ukitaka libakize, maana aibu ile ni ya Bernado.

Sababu usiniulize. Ni mambo ya kikazi.

Enoka


Dar es Salaam,
24 Septemba 1973

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, treni ilichelewa Tabora kama kawaida yake.

Nilipita Suguti kumuaga mama. Yeye hana mambo ya kikazi, akaniambia yote: kwamba kuna shule mpya inajengwa, inatafutiwa mwalimu mkuu, na jina lako ndilo la kwanza kati ya waliopendekezwa. Ungeniambia, mjomba. Nisingekuomba hata.

Nimelifuta. Ripoti itakwenda hivyo hivyo.

Msalimie Mama Wanzagi.

Hana


Bunda,
4 Novemba 1973

Mpwa wangu Hana,

Hujambo mama? Sisi huku wazima kabisa. Mvua za kwanza zimenyesha, tunapanda. Ndama amemwangusha Mwalimu Bernado mbele ya wajumbe wa nyumba kumi. Mama Wanzagi ameshona kile kitenge, kanisani wanawake waliacha kuimba wakakiangalia.

Barua yako ya mwezi wa tisa ilikuwa fupi. Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi tangu ujue kushika kalamu, hata ukiwa mgonjwa. Nikamwambia Mama Wanzagi, huyu mtoto amenificha kitu. Akasema, "Labda ametumia wino mdogo." Lakini naye hakuamini. Nikamwandikia mama yako, na sijui kwa nini watu wa ukoo huu wanamwambia mama yako siri zao. Amenijibu kwamba mkubwa wako aliisoma hiyo ripoti bila habari ya darasa langu, akasema ni ganda la karanga, na kwamba usipokuwa na la kuonyesha kazi hiyo atapewa mtu mwingine. Wewe ukaniandikia "itakwenda hivyo hivyo". Haya. Tuko sawa sasa, kila mmoja amemficha mwenzake.

Sasa sikiliza mambo ya hapa.

Tangu siku ile, darasa la sita limeharibika. Nimejaribu kulirudisha kwenye ukimya wake, limekataa. Wanauliza. Mwezi uliopita Mseti alisimama akasema, "Mwalimu, kama kuzidisha kunaweza kupunguza, kugawanya nako kunaweza kuzidisha?"

Kanuni mimi naijua: geuza ya pili, zidisha, basi. Nane ugawe kwa nusu, kumi na sita. Lakini nikasikia ulimi unakataa kusema kanuni. Nikawauliza, tungewezaje kuiona kwa macho? Mbuke akasema viazi. Tukatoka nje mbele ya stoo ya shule na viazi nane na visu vya kazi za mikono. Hapo vita vikaanza. Nusu ya darasa wanasema, "Kugawa nusu kwa nusu ni nne huku, nne huku!" Wengine wanasema, "Hapo umegawa kwa mbili, siyo kwa nusu!" "Nusu kwa nusu ni nini basi, si nusu hiyo?" Mimi nimekaa chini katikati yao, suruali imejaa vumbi, nachora kwa kijiti, na nakwambia kweli kwamba kwa dakika kadhaa sikujua niwe upande upi.

Ndipo nikaona viatu vimesimama mbele yangu. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi. Ni Ndugu Makongoro, mkaguzi wa shule kutoka Musoma, na nyuma yake Mwalimu Bernado, uso wake umekuwa kama yale mawe yake ya chokaa.

"Somo gani hili?" mkaguzi akauliza. "Upishi?"

Nikasimama. "Hesabu, ndugu mkaguzi."

"Kelele hizi nimezisikia kutoka barabarani."

Hana, ningeweza kusema, "Watoto, ingieni darasani." Ningeandika ubaoni kumi na sita, wakanukuu, naye akaandika vizuri. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Lakini Mseti alikuwa ameshikilia kiazi, ananitazama kama mtu aliyekopeshwa kitu na sasa anangoja kama atanyang'anywa. Nikasema, "Ndugu mkaguzi, tunagawa viazi nane kwa nusu. Hatujakubaliana."

Akavua kofia. Akaangalia viazi, akaangalia mchoro wangu. Midomo yake ikacheza kidogo, najua alikuwa anaisema kanuni. Halafu akachuchumaa, na viatu vyake vile. Akamwuliza Mbuke, "Nyinyi mnauliza kila mtu anapata vingapi, siyo?"

"Ndiyo."

"Hebu liulizeni kwa upande mwingine. Kila mtu anapewa nusu kiazi. Watakula watu wangapi?"

Wakakimbilia kupanga mstari. Visu vikakata. Viazi vikaisha kwa wa kumi na sita, na wa kumi na saba, ambaye ni mtoto mkubwa ana ndevu karibu, akalia, "Mimi je?" Mseti akapiga kelele, "Imezidi! Imegawanywa ikazidi!" Wakaanza kucheza pale kama wamefunga bao. Mkaguzi alicheka mpaka akashika ukuta, mkono wake ukatoka na chokaa.

Baadaye ofisini alikuwa mtu wa kazi tena. Akasema, "Mwalimu Masatu, nilikuja kuona kama unaweza kutawala shule."

"Na umeonaje?"

"Nimeona ambacho sina pa kukiandika."

Alipofika mlangoni akageuka. Akaniuliza nani aliniambia nifundishe hivi. Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni kwamba siku moja mtoto aliniuliza swali, nami sikujua, nikasema sijui. Nilisema hivyo kwa sauti yangu, mbele ya Bernado, na dari haikuanguka.

Ukuu wa shule umekwenda kwa mtu mwingine, kijana wa Tarime, mtaratibu. Tulipata habari wiki iliyopita. Sikudanganyi, siku hiyo sikula vizuri. Nimeufikiria ukuu ule kwa miaka. Mama Wanzagi akanitazama nikichezea ugali, akasema, "Ulitaka kuwa mwalimu mkuu ili ufanye nini?" Nikafikiri. Nikasema, "Niwe na ofisi." "Ukae ofisini, na darasa ashike nani?" Hapo nikala.

Basi irudishe. Irudishe yote, na uandike wazi kwamba mwalimu alisema sijui. Ukitaka jina, ni Enoka Masatu, na herufi usikosee, wasije wakampa sifa yule wa kinu.

Mjomba wako


Dar es Salaam,
20 Novemba 1973

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama posta, watu wananisukuma, nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, mama mmoja akanipa leso akidhani nimefiwa. Nilimwambia hapana, ni viazi.

Nimeirudisha. Niliandika kwa siku mbili nikasahau hata kula, na mama asijue. Mkubwa wangu alipoisoma alichukua karatasi akaandika nane mara nusu, akaitazama muda mrefu. Halafu akawaita wenzake watatu wa chumba cha pili wakaanza kubishana. Sasa imeamuliwa kwamba kwenye kitabu kipya cha mwalimu patakuwa na ukurasa mzima juu ya neno hili zidisha, na kwamba watoto waanze na mara kabla hawajakutana na sehemu. Kazi imebaki kwangu. Swali la Mseti la kugawanya nimeliongeza mwishoni.

Kuna jambo jingine, nalo si mimi niliyeliomba. Mkaguzi wenu aliandika barua huku. Mwezi ujao kutakuwa na semina ya walimu wa hesabu na sayansi wa mkoa, Musoma, na wameomba uiongoze siku moja. Mimi sitaweza kuja, ripoti inakwenda kiwandani kupigwa chapa. Usikatae, mjomba. Na usitumie chaki za rangi.

Kuhusu pilau: yupo, ni mwalimu wa fizikia, anatoka Bukoba, na ni mwoga wa ng'ombe. Nitamleta mwezi wa sita. Umeridhika?

Hana


Kamunyonge, Musoma,
15 Desemba 1973

Mpwa wangu Hana,

Hujambo? Usishangae anwani, niko kwa shangazi yako. Yeye mzima, ananitilia sato, nami sasa naelewa habari ya magamba. Nyumbani niliwaacha wazima. Mwoga wa ng'ombe tumempokea. Mama Wanzagi ameanza kuhesabu wageni kwa vidole vya mikono na miguu.

Semina ilikuwa jana. Ukumbi umejaa, walimu kutoka Tarime, Majita, Ikizu, hata visiwani. Nilipanda mbele. Nikaandika ubaoni nane mara nusu, nikauliza, "Umesema tuzidishe, mbona imepungua?" Mpwa wangu, wote waliangalia sakafu. Walimu! Wakubwa, wana mvi, wameangalia sakafu kama darasa la sita. Kila mmoja anaogopa jirani yake anajua.

Nikajua sasa kimya kile kinakaa wapi. Nikasema, "Mimi nilipoulizwa hivi na mtoto sikujua." Nikavuta kiti nikakaa kati yao, ubao ukabaki peke yake.

Halafu mwalimu mmoja wa kike wa kule Suguti, kijana bado, akainuka nyuma. Akasema, "Mimi nami sijui. Na hilo sijaliona gumu. Gumu ni sifuri. Mwanafunzi wangu aliniuliza, viazi nane ukivigawa kwa watu sifuri, kila mtu anapata vingapi? Nilimpiga fimbo." Akakaa, akafunika uso.

Hakuna aliyemcheka. Mzee mmoja wa Ikizu akasema, "Wanapata sifuri, si hawapo?" Jirani yake akamrukia, "Kama hawapo, kila mtu yupi?" "Viazi vyenyewe viko wapi basi?" "Vimebaki!" "Vimebaki kwa nani?" Basi. Nilikuwa nimepanga mambo mengi ya kufundisha, sikufundisha hata moja. Chai ililetwa ikapoa. Mwalimu wa sayansi akasema tugawe kwa nusu, kisha robo, kisha chini zaidi, tuone watu wanaokula wanaongezekaje, na mwalimu yule wa Suguti akatoka nyuma mwenyewe, akashika chaki.

Mlinzi wa ukumbi alitutoa kwa kutikisa funguo. Tukaendelea njiani. Tukafika stendi tunabishana, tukasimama pale kwenye kivuli cha basi la Bunda tukichora mavumbini kwa vidole, na ghafla jua likatupiga usoni. Kumbe kivuli kimeondoka. Basi limekwenda, mizigo yetu imo ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia likipiga honi.

Tulioachwa ni walimu saba, pamoja na mkaguzi wa shule aliyekuja kutusindikiza akasahau kurudi kwake. Ndugu Makongoro yuko hapa sebuleni kwa shangazi yako sasa hivi, amevua viatu, amechukua karatasi yangu ya pili ya kukuandikia na amejaza sifuri pande zote. Anasema nikuulize. Mimi nimemwambia sikuulizi mpaka tushindwe kabisa, na bado hatujashindwa.

Mjomba wako,
Enoka Masatu